KISU CHA SAFARI YA MIGUU: JINSI YA KUKICHAGUA
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwenye daftari na afungue ukurasa mpya. Juu aandike maneno haya matatu: KISU CHA SAFARI.

Kisu twakijua sote tangu utotoni. Kwa sababu hiyo wengi wetu hatufikiri sana tunapokinunua. Twaona kinang'aa, twauliza bei, twalipa, twaondoka. Kwa kisu cha jikoni hasara yake si kubwa. Kikivunjika leo, kesho utanunua kingine sokoni.

Lakini baadhi yenu mna vijana wanaokwenda Kilimanjaro kubeba mizigo ya wapanda mlima. Wengine mnakwenda kurina asali, au kukagua mashamba ya mbali huko Kisarawe na Rufiji, na mnalala njiani. Wako pia wanaopanda vilima vya Pugu au milima ya Uluguru na mfuko mgongoni, kwa kujifunza au kwa kujifurahisha. Huko hakuna duka, na zahanati iko mbali. Kisu kikivunjika, umekosa chombo. Kisu kikikukata, umepata jeraha mahali pasipo na daktari.

Basi kisu cha safari lazima kiwe na sifa tatu. Ziandikeni. Kwanza, kiwe cha kutegemewa. Pili, kiwe chepesi. Tatu, kiwe salama kwa mwenye kukitumia. Sasa tutazame sifa hizo moja moja, kisha twende kwa fundi tukanunue.

KISU KINA KAZI GANI?

Huwezi kuchagua chombo kabla ya kujua kazi yake. Katika safari ya miguu, kisu hukata kamba. Huchonga vigingi vya hema. Humenya viazi na kukata nyama. Huchonga vibanzi vyembamba vya kuwashia moto wakati kuni zimelowa. Hukata kitambaa cha kufungia jeraha.

Hizo zote ni kazi ndogo ndogo. Kisu si shoka, wala si jembe. Ukikitumia kupasulia magogo, kuchimbia mizizi au kufungulia makopo, utakivunja, hata kama kilikuwa kizuri namna gani. Mtu anayejua kazi hizi hataona haja ya kununua kisu kikubwa kama jambia.

KUHUSU UZITO

Wazee wetu walijua sana habari za mizigo. Katika karne ya 19, wapagazi, na hasa Wanyamwezi, walibeba bidhaa kwa miguu kati ya pwani na Tabora na Ujiji. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa yapata kilo 30, yaani karibu frasila mbili. Wazungu Burton na Speke walipokwenda na msafara wa namna hiyo, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Hebu fikirini: miezi minane njiani! Katika safari ya namna hiyo kila kitu kisicho na kazi ni adhabu ya mabega.

Siku hizi wapagazi wa Kilimanjaro wamewekewa kanuni kwamba mzigo wa mtu mmoja usizidi kilo 20, na mizigo hupimwa kwenye lango. Hata hivyo mlima ni mlima. Gramu mia ambayo huisikii nyumbani utaisikia siku ya nne ya kupanda.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme panga lina uzito wa gramu 600, na kisu kidogo pamoja na ala yake kina gramu 120. Toa 120 katika 600. Jibu ni 480. Mtu aliyeacha panga nyumbani akachukua kisu anaweza kubeba karibu nusu lita ya maji zaidi, bila ya kuongeza mzigo wake. Porini, maji hayo yana thamani kuliko urefu wa panga.

Je, makali yawe na urefu gani? Kwa kazi tulizozitaja, sentimita 9 hadi 11 zatosha. Unene wa bapa uwe milimita mbili na nusu hadi tatu. Tazameni vipimo hivyo kwenye rula zenu. Kisu chembamba kuliko hapo hupinda upesi. Kinene mno ni kizito, na hakimenyi vizuri, bali hupasua tu.

KISU CHA KUKUNJA NA KISU KISICHOKUNJWA

Viko visu vya namna mbili. Kisu cha kukunja ni chepesi na huingia mfukoni. Lakini kina bawaba, na bawaba ndipo mahali pake dhaifu. Mchanga huingia humo, damu ya nyama na utomvu hukauka humo. Bawaba ikilegea, kisu chaweza kujifunga ghafula juu ya vidole vyako. Kwa kumenyea chungwa hakina neno. Kwa safari ya mbali, heri kisu kisichokunjwa, ambacho chuma chake na mpini wake vimeungana daima.

Sasa hapa kuna siri ambayo haionekani kwa macho ya haraka. Kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mpini huitwa msuka. Jembe lina msuka, shoka za kienyeji zina msuka, na kisu nacho kina msuka wake. Visu vingi rahisi vina msuka mfupi, mwembamba kama msumari, uliochomekwa kidogo tu. Ukikaza mkono, mpini huchezacheza. Siku moja chuma huchomoka, na mara nyingi huchomoka wakati umekaza nguvu zako zote. Hapo ndipo mtu anapokatwa.

Kisu cha kutegemewa kina msuka mpana unaofika mpaka mwisho wa mpini. Ukitazama mgongoni mwa mpini utaona chuma kimelala katikati, na mbao mbili zimeshikizwa huku na huku kwa misumari iliyogongwa pande zote. Si lazima kila kisu kizuri kiwe hivyo. Visu vya Mora vya nchi ya Uswidi ni vyepesi na vina sifa njema, na msuka wa vingi vyao umefichwa ndani ya mpini, wala haufiki mwisho. Lakini umetengenezwa kwa uangalifu na kushikwa imara. Ikiwa hujui kisu kimetengenezwa na nani, usikubali msuka usioweza kuuona.

KUHUSU CHUMA

Chuma si kimoja. Chuma cha mageti na madirisha ni laini. Ukikifanya kisu, kitanoleka upesi na kuwa butu upesi. Chuma cha kisu hutakiwa kuwa na kaboni zaidi kidogo. Kaboni ndiyo ile iliyomo katika makaa. Katika kilo 100 za chuma cha visu vya kawaida, kaboni huwa kama nusu kilo hadi kilo moja. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachokifanya chuma kiweze kuwa kigumu kikichomwa moto na kuzimwa ghafula.

Ujuzi huu si mgeni katika nchi yetu. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walichapisha habari za tanuri za kale zilizofukuliwa upande wa Buhaya, magharibi ya ziwa Viktoria. Walionyesha kwamba wahunzi wa huko walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni, kwa moto mkali sana, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Basi mtu asiwadharau wahunzi wetu.

Sasa msafiri ana uchaguzi wa namna mbili. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi, hata kwa jiwe la mtoni, nacho hupata sana. Ubaya wake ni kutu. Sisi tu watu wa pwani, na hewa yetu ina unyevu na chumvi. Ukikiacha na maji ya limau usiku mmoja, asubuhi utakikuta na madoa. Chuma kisichoshika kutu kimechanganywa na madini yaitwayo kromiamu, yapata kilo kumi na nusu au zaidi katika kila kilo 100. Chenyewe huvumilia unyevu, lakini mara nyingi hutaka uvumilivu zaidi wakati wa kunoa.

Je, uchague kipi? Kama unakitumia kisu kila siku, na una desturi ya kukifuta na kukipaka mafuta kidogo ya kula, chukua cha kaboni. Kama unakitumia mara mbili kwa mwaka, kisha kinakaa sandukuni, chukua kisichoshika kutu.

MPINI NA ALA

Mpini ujaze mkono. Ukiufumba mkono, vidole visichome kiganja. Usiwe laini kama kioo, kwa maana mkono wenye jasho au mafuta utateleza kuelekea kwenye makali. Yafaa mbele ya mpini pawe na kizuizi kidogo, au kinundu, cha kuzuia kidole cha shahada.

Ala ni nusu ya kisu. Kisu kisichokunjwa bila ala ni hatari kwa mwenyewe na kwa jirani yake. Ala iwe ya ngozi ngumu au plastiki ngumu. Tia kisu ndani, igeuze juu chini, uitikise juu ya mkeka. Kisu kikianguka, ala hiyo haifai. Kisu kilichofungwa kwa gazeti na kutiwa ndani ya mfuko hutoboa mfuko, halafu hutoboa mgongo, siku mtu anapoanguka kwenye mteremko.

TWENDE KWA FUNDI

Pale Gerezani, karibu na Kariakoo, mafundi wengi hufua vyuma. Baadhi ya visu vya mafundi hufuliwa kwa springi za magari, nazo ni chuma chema chenye kaboni ya kutosha. Lakini kuna jambo moja. Springi ikishachomwa ili ifuliwe, ugumu wake wa kwanza hupotea. Lazima fundi aichome tena mpaka iwe nyekundu na sumaku isiishike, aizime katika mafuta, kisha aipashe moto wa kiasi ili isiwe dhaifu kama kioo. Tumsikilize mnunuzi mwenye akili akizungumza na fundi.

— Shikamoo, fundi.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Ahsante. Natafuta kisu kidogo cha safari ya porini. Hiki umekifua kwa chuma gani?

— Hicho ni springi ya lori.

— Ulipokwisha kukifua, ulikizima kwa maji au kwa mafuta?

— Kwa mafuta. Maji huipasua springi. Kisha nilikirudisha kwenye moto mdogo.

— Na msuka wake unafika wapi?

— Mpaka mwisho. Geuza mpini, utazame mwenyewe.

— Nauona. Niwie radhi, fundi, nakuomba ruhusa nikijaribu kwa tupa, hapa karibu na mpini, nisiharibu makali yako.

— Jaribu, mwanangu. Kisu chema hakiogopi tupa.

Mnaona, ndugu wanafunzi, mnunuzi huyu hakumtukana fundi, wala hakununua kwa kutazama tu. Yeye aliuliza mambo manne: chuma, namna ya kuzima, msuka, na ruhusa ya kujaribu. Jaribio la tupa ni hili. Tupa ikila chuma kwa urahisi kama inavyokula chuma cha geti, makali ni laini mno. Tupa ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, ni magumu mno, na yaweza kumeguka. Ikishika kwa shida, ikatoa unga mdogo, hapo ni sawa.

Tena tazameni rangi. Fundi akinoa kwa jiwe la umeme bila kupoza chuma kwa maji, makali huungua. Ukiona ukingo una rangi ya buluu, ujue moto umekwisha kuulainisha. Kiache kisu hicho, hata kama bei yake ni nzuri.

Mwisho, kabla ya safari, kaa uani na kijiti kikavu. Kichonge kwa muda wa robo saa. Kisha jiulize: Je, mkono unauma? Je, mpini unacheza? Je, makali bado yanakata karatasi? Kisu kikishindwa uani, utakirudisha kwa fundi siku hiyo hiyo. Porini hutakuwa na nafasi hiyo.

KUNOA

Wazee walisema: Kinolewacho hupata. Kisu butu ni cha hatari kuliko kisu kikali, maana hutaka nguvu nyingi, na nguvu nyingi huteleza. Chukua kinoo kidogo katika safari. Simamisha kisu wima juu ya kinoo. Kilaze nusu ya njia, kisha ukilaze tena nusu ya nusu hiyo. Hapo umepata pembe ifaayo, yapata digrii 22. Ukipeleke mbele kwa pembe hiyo, mara kumi upande huu, mara kumi upande wa pili. Hesabu ziwe sawa. Maliza kwa kukifuta na kukikausha.

USALAMA NA SHERIA

Kata ukielekeza makali mbali na mwili wako. Usichonge juu ya paja, kwa maana ndani ya paja upo mshipa mkubwa wa damu. Ukimpa mwenzako kisu, kitie kwanza ndani ya ala. Mtu akikatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua funua, mpaka damu isimame. Kisha lioshwe kwa maji safi na lifungwe. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, kwa hiyo jeraha lililochafuka lipelekwe zahanati, na majeruhi aulizie chanjo.

Sasa sikilizeni neno hili kwa makini, maana limewafunga watu. Kisu kinachokufaa njiani chaweza kukupeleka jela ukikiingiza mahali pasiporuhusiwa. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inakataza mtu kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila kibali. Mbele ya mahakama zetu, panga na kisu vimehesabiwa kuwa silaha. Watu wengi wa vijiji vilivyo karibu na Serengeti wamehukumiwa kwa kukutwa hifadhini na panga, kisu na nyaya za kutegea wanyama. Akisema “nilikuwa napita tu,” huenda asisikilizwe.

Kwa hiyo, ukifika kwenye lango, mwambie askari: “Nina kisu cha kupikia na kukatia kamba. Je, naruhusiwa kukichukua?” Akikataa, kiache langoni. Kama unafanya kazi ya upagazi, muulize kiongozi wa msafara kabla hamjaondoka. Hata karibu na kwetu, misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Usiingie bila kibali, wala usikate mti au fito humo. Katika ndege, kisu hakiruhusiwi kwenye mkoba wa mkononi. Na mjini, usitembee nacho kiunoni. Kikae ndani ya ala, chini kabisa ndani ya mfuko, mpaka utakapofika mahali pa kazi yake.

TUFUPISHE

Kisu cha safari kiwe kidogo, makali ya sentimita 9 hadi 11. Kiwe kisichokunjwa, chenye msuka imara. Chuma chake uweze kukinoa wewe mwenyewe. Mpini usiteleze, ala isikiachie. Kijaribu nyumbani, na uombe ruhusa kabla ya kuingia nacho hifadhini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Msuka ni nini? Kwa nini msuka mfupi ni hatari?
2. Panga lina gramu 650, na kisu na ala yake vina gramu 140. Tofauti ni gramu ngapi? Ungebeba nini badala yake?
3. Mtu wa Kinyerezi anasafiri mara moja kwa mwaka. Mshaurini achukue chuma cha namna gani, na mtoe sababu.
4. Wawili wenu mwigize mnunuzi na fundi. Mnunuzi aulize yale mambo manne.
5. Askari wa hifadhi anakuuliza, “Kisu hiki cha nini?” Andika jibu lako kwa sentensi mbili.

Juma lijalo kila mmoja alete kisu cha nyumbani kwake, kikiwa ndani ya ala au kimefungwa vizuri kwa kitambaa kizito. Tutatazama misuka yake pamoja, na mwalimu wa darasa atawaonyesha kwa vitendo namna ya kunoa.